Sampuli ya Jiwe la Kasense

Kasense, Sumbawanga
12 Januari 1992

Mpwa wangu Redempta,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo siku hizi huamka baada yangu. Mama yako yuko Kipili na ametutumia migebuka, samaki wakavu wa ziwani. Nimemjibu kwamba dada mkubwa kumlisha mdogo wake ni wajibu, si ukarimu. Mvua ni nzuri. Sabuni imejaa madukani, wauzaji ni wengi kuliko waogaji. Binti yetu Hellena amemaliza mafunzo ya cherehani kwa masista na anashona hata visivyochanika.

Habari nyingine ni kwamba Shija, jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe wengi, alikuja na wazee wawili kumposea mwanawe Yonas. Wanamtaka Hellena. Yonas namfahamu, ni kijana anayekusalimia kabla ya kutazama ulichobeba. Hellena naye alionyesha jibu lake: alikwenda kuteka maji na mtungi ulikuwa umejaa. Nimewaambia wangoje kidogo.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita nilikuwa nabomoa intumba, yale matuta ya duara tuliyofukia majani mwaka jana, nitawanye udongo nipande ulezi. Jembe likagonga kitu. Nikatoa jiwe jekundu, ukilielekeza kwenye jua linapitisha mwanga kama divai ya padri. Wiki hiyohiyo nikasikia redioni kwamba almasi ziko za rangi nyingi, na nyekundu ndiyo adimu kuliko zote. Wakasema kijiwe kimoja kiliuzwa Amerika, na bei yake mtangazaji aliitaja mara mbili. Nadhani mara ya kwanza hata yeye hakujiamini.

Wewe ni mwandishi wa gazeti, milango unaijua. Uliza polepole, Kasense usiitaje. Ukubwa wa jiwe siandiki. Barua hupita mikono mingi.

Mjomba wako,
Felisian


Dar es Salaam
23 Februari 1992

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imechukua zaidi ya mwezi, na bahasha ilikuwa na alama ya kikombe cha chai. Sisi wazima. Watoto wamepona surua. Gazeti letu jipya bado linatoka, jambo ambalo linatushangaza sisi tunaoliandika. Joto ni lilelile.

Nimeuliza. Nakuandikia yale tu ambayo watu wawili tofauti wameniambia sawa.

Redio haikudanganya. Mwaka 1987 almasi nyekundu isiyofika karati moja iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola laki tisa. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, yaani punje moja ya maharage yako ina uzito wa karati mbili hivi. Almasi nyekundu nyingi hazifiki hata nusu karati. Zile zilizo nyekundu kwelikweli, ukizikusanya dunia nzima, hazijazi kiganja. Almasi ya njano au ya buluu hupata rangi kwa kuchanganyika na kitu kingine. Nyekundu haina kitu ndani yake. Wataalamu wanadhani ilibanwa chini ya ardhi mpaka ikajipinda, na kule kujipinda ndiko kunakofanya mwanga utoke mwekundu. Ajali ya namna hiyo hutokea mara chache sana.

Kwa hiyo, mjomba, mawe mekundu ni mengi na almasi nyekundu ni chache. Ningekuwa mtu wa kubahatisha, ningebahatisha upande wa yaliyo mengi. Lakini sijaliona. Lina ukubwa gani?

La pili. Hellena ameniandikia nusu ukurasa. Ameeleza hali ya hewa na bei ya uzi, Yonas hajamtaja hata kwa herufi moja. Namjua Hellena, kwa hiyo nauliza: Shija na wazee wake wanangoja nini?

Redempta


Kasense
29 Machi 1992

Mpwa wangu,

Tumepokea. Maharage yamekubali. Nguruwe amezaa, na mama Hellena amempa mtoto mmoja jina la katibu kata. Nimemwomba alibadilishe kabla katibu kata hajatutembelea.

Nimesoma habari za kiganja. Nimezisoma mara nyingi. Kwa kuwa ni chache, mojawapo lazima iokotwe na mtu fulani mahali fulani, na sioni sababu mtu huyo asiwe mimi. Kila aliyeshinda bahati nasibu alikuwa mtu fulani.

Nimelijaribu. Nililipeleka dukani kwa Abdillah, yule anayenunua maharage yetu, nikapitisha ncha yake kwenye kioo cha kabati lake la mbele. Likachora mstari mrefu, mzuri.

Abdillah akasema, "Mzee Felisian, hicho kioo nimekitoa Mbeya."

Nikamwambia, "Nimekijaribu kama ni kizuri."

"Sasa umeona nini?"

"Ni laini."

Mke wake Hasna alicheka mpaka akakaa. Abdillah hakucheka, lakini aliniuliza jiwe limetoka wapi, na macho yake hayakuwa kwenye kioo tena. Nikasema nimelikuta kwenye kiatu. Sasa nimelificha ndani ya kihenge cha ulezi. Juzi nusura mama Hellena alisage.

Shija alipita wiki iliyopita. Tulizungumza mvua, tukazungumza ndigana ya ng'ombe, halafu akasema, "Baba Hellena, mimi mwezi wa tisa nashusha mifugo bonde la Rukwa, na Yonas nashuka naye. Huko kuna Wasukuma wenzangu wenye mabinti." Nikamwambia kuna jambo naliweka sawa. Akauliza jambo gani. Nikamwambia la familia. Akasema, "Mimi nilidhani nimeomba kuwa familia."

Ulikuwa na swali mwishoni mwa barua yako. Naona posta wamelipoteza njiani.

Felisian


Dar es Salaam
30 Aprili 1992

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Nimehama dawati, sasa naandika habari za mahakama, watu wananisalimu kwa adabu zaidi.

Kuchora kioo hakuthibitishi almasi. Mawe mengi ya bei rahisi huchora kioo. Mlipe Abdillah.

Nimempata mtu anayejua. Anaitwa Bi Kulsumu, anathamini vito, ana chumba kimoja na darubini mbili karibu na Kariakoo. Anaheshimiwa kwa sababu mara nyingi huwaambia watu wasichopenda kusikia. Nimemweleza kila ulichoniandikia. Jibu lake ni fupi: asipoliona jiwe, hasemi kitu. Kwa hiyo linatakiwa lifike mbele yake. Usilitume kwa posta. Hamis bado anaendesha lori la Abdillah kuja huku, na yeye namwamini.

Swali lililopotea posta naliandika tena, safari hii kwa wino mweusi: kwa nini posa ya Hellena ingoje jiwe?

Redempta


Kasense
2 Juni 1992

Mpwa wangu,

Salamu. Tunavuna maharage, mgongo unanung'unika lakini moyo hauna neno. Katibu kata alitutembelea. Jina la nguruwe lilikuwa halijabadilishwa, na mama Hellena alimwita kwa sauti.

Barua hii anakuletea Hamis mkononi. Ndani ya kopo la dawa za kumeza utakuta pamba, na ndani ya pamba utakuta alichohitaji Bi Kulsumu.

Nakueleza nilivyofanya, ujue mjomba wako si mshamba wa biashara. Zamani ushirika ulibeba magunia yote bila kuangalia, ukatulipa ukikumbuka. Siku hizi wanunuzi ni watu binafsi na mtindo ni mwingine. Kwa Abdillah huendi na gunia. Unakwenda na sampuli, konzi moja kwenye karatasi. Anapuliza vumbi, anauma punje, anasema bei. Gunia linabaki kwako mpaka mkubaliane. Mimi naupenda mtindo huu. Mwenye mali hapelekwi mbio.

Basi jiwe zima, lenye ukubwa wa yai la njiwa, niliweke mikononi mwa mtu nisiyemjua? Hapana. Nimelitolea sampuli. Fuawe la babu yako mhunzi bado liko nyuma ya nyumba. Nililiegemeza jiwe, nikaweka tindo mahali nilipoona mstari, nikapiga nyundo mara moja tu. Wahunzi hatupigi ovyo. Likaachia vipande vitatu. Nimekutumia kilicho safi kuliko vyote, asije akasema tumemletea makapi. Kikubwa na kile kidogo vimerudi kihengeni.

Mwambie akipenda hiki, kingine kipo.

Hellena ananisalimu asubuhi na jioni. Katikati hasemi nami.

Felisian


Dar es Salaam
15 Juni 1992

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Nakuandikia nikiwa nimekaa, nakushauri nawe usome ukiwa umekaa.

Kopo limefika. Hamis alilitunza vizuri, alilala nalo chini ya kichwa mpaka Mikumi. Nililipeleka kwa Bi Kulsumu siku hiyohiyo. Alilifungua, akakitazama kipande, akautazama upande uliovunjika. Yaliyofuata nayanakili kama yalivyosemwa.

"Hiki kimevunjika lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Kimeanguka?"

"Hapana. Ni sampuli."

Akavua miwani. "Mjomba wako anauza nini kwa kawaida?"

"Maharage."

Akakirudisha kipande kwenye pamba, akasema, "Sasa nimeelewa."

Mjomba, gunia la maharage ukilitolea konzi, linabaki gunia. Almasi haiko hivyo. Bei yake iko kwenye uzima wake. Jiwe kubwa moja lina thamani maradufu ya vijiwe kumi vya uzito uleule, na kwa nyekundu, ambazo kubwa hazionekani, tofauti hiyo haisemeki. Watu hudhani almasi haivunjiki kwa kuwa ni ngumu. Haikwaruziki, lakini nyundo inaipasua kama chupa. Hivyo kupasuka kwake hakujatuambia kitu, si kwamba ni yenyewe wala kwamba siyo.

Hali ni hii. Ikiwa si almasi, umevunja kokoto. Ikiwa ni almasi, basi almasi nyekundu kubwa kuliko zote zilizowahi kusikika ilikuwa Kasense, ikakaa salama ndani ya ardhi tangu dunia iumbwe, mpaka ikakutana na fuawe la babu.

Bi Kulsumu hakukipima. Alikuwa anafunga chumba kwenda Arusha, atarudi katikati ya Julai. Mpaka hapo chagua mwenyewe cha kumwomba Mungu.

Na kuhusu Hellena siulizi tena. Mwezi wa tisa hauko mbali na Shija hakusema mzaha.

Redempta


Kasense
12 Julai 1992

Mpwa wangu,

Salamu. Baridi imeshuka, asubuhi majani yana barafu nyembamba. Goti limekataa kabisa kutoka nje.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa. Halafu nikalala. Kwa miaka yote niliyoishi sijawahi kumwomba Mungu mali yangu iwe bure, lakini tangu siku ile ndiyo sala yangu. Mama Hellena anasali kinyume. Anasema hata kipande cha almasi ni almasi. Tunapiga magoti kwenye benchi moja kanisani, kila mmoja anavuta upande wake. Sijui huko juu wanatuandikaje.

Jumapili nikaona siwezi kuubeba mzigo huu peke yangu. Nikaenda kwa Shija. Nilimkuta zizini na kirungu chake. Tukapeana mwangaluka, salamu ya kwao, nikamweleza yote, jiwe, redio, kihenge, nyundo. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo ulilivunja ili mnunuzi aone nyama?"

Nikasema ndivyo.

"Jirani, kwetu mnunuzi akitaka kumwona ng'ombe tunamleta zizini. Hatumkatii mguu tukampelekea."

Alicheka peke yake, kisha Yonas aliyekuwa anakamua akacheka, kisha nikaona hakuna faida ya kubaki nje ya kicheko, nikacheka.

Halafu Shija akaacha kucheka. Akasema, "Sasa sikiliza. Jibu la Dar likija kwamba ni kokoto, ukanipa binti, nitajua nimepewa kwa sababu umekosa. Likija kwamba ni almasi, ukanipa, watu watasema nimefuata jiwe. Ukininyima, nitajua bei yangu. Kwa hiyo jibu la Dar likifika kabla ya lako, mimi sina posa tena. Nasema kwa uzuri."

Nikamwambia anipe siku mbili. Akasema, "Umekuwa nazo tangu Januari."

Redempta, uliniuliza mara mbili na mara mbili nikakujibu upuuzi. Niliwaza kwamba baba mwenye almasi hatoi binti kwa mchunga ng'ombe. Nililiwaza hilo miezi sita, na almasi yenyewe sina hakika kama ninayo.

Pale zizini, kabla sijaondoka, nilimpa neno langu. Ndoa ni tarehe 22 Agosti. Niliporudi nyumbani nilimwambia Hellena. Alisema, "Asante baba," akaenda kuteka maji. Mtungi ulikuwa umejaa.

Ombi langu ni hili. Bi Kulsumu akisema lolote, usiniandikie. Usimwambie Hamis, usimwambie mama yako. Njoo harusini ukiwa umefunga mdomo.

Felisian


Dar es Salaam
28 Julai 1992

Mjomba,

Shikamoo. Nimekuelewa. Bi Kulsumu amerudi, amekipima, amesema. Nakuja na watoto. Andaa uji wa ulezi.

Redempta


Dar es Salaam
9 Septemba 1992

Mjomba,

Shikamoo. Tumefika salama. Mdogo alitapika Tunduma na Makambako, kwingine kote alikuwa hodari.

Nashukuru kwa yote. Nimehudhuria harusi nyingi za kikazi, ambako mawaziri hukata keki, lakini hii ndiyo nimekula nikashiba. Gauni Hellena alilolishona mwenyewe lilikuwa zuri kuliko yote ninayoyaona huku madirishani. Shija alicheza mpaka kofia ikaanguka, na wazee wetu waliosema Wasukuma wana makelele ndio waliokuwa wa mwisho kutoka uwanjani.

Nilikaa kwenu siku tano. Mama Hellena alinifuata jikoni, akanifuata kisimani, akanifuata hata chooni akasubiri nje. Abdillah alinitumia soda tatu ambazo sikuziagiza. Shija aliniangalia usoni mara moja, akageuza macho mwenyewe. Wewe tu hukuniuliza. Siku ya kuondoka ulinipakilia maharage kwenye lori, ukaniuliza kama kiti kina sponji.

Ndoa imefungwa, ng'ombe wamehama zizi, sasa natimiza kazi yangu.

Jiwe ni garneti, si almasi. Ni zito kuliko almasi ya ukubwa uleule, na ncha ya almasi ililikwaruza, jambo ambalo almasi yenyewe isingelikubali kirahisi. Bi Kulsumu anasema vilima vya nyuma ya Kasense huenda vimejaa. Rangi ni nzuri lakini ndani lina nyufa, na nyingine zilikuwamo kabla yako, anataka ulijue hilo. Bei yake haifiki nauli ya kulileta. Kipande chako amekiweka dirishani, ameomba akibakize. Wateja wakimletea mawe yaliyogongwa, huwaonyesha na kuwasimulia.

Jina lako hajalitaja. Nimemuuliza.

Redempta


Kasense
18 Oktoba 1992

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Tunangoja mvua. Mama yako amerudi kutoka Kipili na anasema samaki wa huku wananuka safari.

Barua yako ilifika siku Shija anashuka bondeni. Nilimfuata njiani na goti langu hili, nikamsomea mbele ya mifugo. Akasema, "Pole, jirani." Nikasema, "Asante." Akasema, "Ungekuwa tajiri ungenisumbua sana." Halafu akaswaga ng'ombe wake. Yonas hakushuka naye. Amebaki na mke wake, wamejenga upande wa chini wa shamba, karibu na kisima.

Mama Hellena alinuna wiki moja. Sasa anasema yeye alijua tangu mwanzo, na mimi nimemwachia.

Jiwe kubwa nimempa Hellena. Analiweka juu ya kitambaa anapokata, kisiteleze. Anasema lingekuwa zito zaidi kidogo lingefaa zaidi. Nimemweleza kwamba ni zito kuliko almasi, akasema hajawahi kukandamiza kitambaa kwa almasi kwa hiyo hawezi kulinganisha.

Jana nilikwenda kwa Abdillah, maharage niliyobakiza yauzwe kabla bei haijashuka. Nimemlipa kioo chake. Akanyoosha kiganja kama kawaida yake, akasema, "Lete sampuli, mzee."

Nilimwambia avae viatu. Nikamtembeza kwa miguu mpaka ghalani, jua la saa saba, nikafungua magunia yote akayaona. Alipouliza kulikoni, nikamwambia huku kwetu siku hizi hatukati mguu.

Mjomba wako,
Felisian